Wiki Tatu za Mionzi Si Dawa Nusu

Shemeji yangu mkubwa si mtu wa kuzunguka. Alisoma karatasi aliyorudi nayo wifi kutoka Eldoret, akaikunja mara mbili, akanigeukia. "Mwalimu, wewe ulichomwa wiki tano. Huyu anapewa tatu. Wanampunguzia kwa sababu ni mtu wa kuuza omena, ama ni hii bima ya SHA?"

Tulikuwa tumekaa kupanga mchango, ndugu wa mume wangu pamoja na wakwe wa Usenge alikoolewa wifi, na swali lile lilisimamisha hesabu za pesa. Watu waliniangalia mimi kwa sababu mbili: nimewahi kuugua saratani ya titi, na ninafundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari hapa Bondo. Mtu wa namna hiyo akinyamaza, kikao huamua bila yeye. Na kikao kilikuwa kinaelekea kuamua kwamba wifi asirudi Eldoret, atafutiwe Nairobi mahali watakapompa "dozi kamili".

Swali la shemeji lilikuwa la haki. Mtu yeyote anayejua kutoa na kujumlisha angeuliza vivyo hivyo. Mimi nilitibiwa Nairobi mwaka 2013, wakati Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ilikuwa ndiyo hospitali pekee ya umma nchini yenye mashine za mionzi. Niliandikiwa grei 50 zilizogawanywa mara 25, siku tano kwa wiki, Jumamosi na Jumapili mapumziko. Karatasi ya wifi ilisema grei 40 mara 15. Ukitazama juu juu, ameibiwa grei 10 na wiki mbili.

Niwaeleze kwanza grei ni nini, maana hapo ndipo woga unapoanzia. Ni kipimo cha nishati ambayo mionzi inaiacha mwilini: jouli moja kwa kila kilo. Ni nishati ndogo ajabu. Grei 50 zote zikimwagwa kwa mara moja katika kilo moja ya maji, joto la maji hayo halipandi hata kwa sehemu mbili za mia za nyuzi moja. Kwa hiyo tunaposema tumechomwa, si moto uliotuchoma. Mionzi hukata. Hupenya hadi ndani ya seli na kukata nyuzi za DNA, na seli isiyoweza kuziunga tena hufa inapojaribu kugawanyika. Daktari wa upasuaji huondoa uvimbe anaouona, ila hawezi kuona seli chache zilizobaki pembeni. Mionzi huzifuata hizo. Kwa mwanamke aliyeondolewa uvimbe akabakiziwa titi, tiba hii hupunguza hatari ya ugonjwa kurudi kwa takriban nusu, ndiyo maana daktari huwa hakubali uiruke hata ukijisikia mzima kabisa.

Kikao chenyewe cha mionzi ni kifupi kuliko foleni yake. Kabla ya kuanza, unapigwa picha za skani na kuchorwa alama kwenye ngozi, na unaambiwa usizisugue unapooga. Kwa joto letu la ziwani na jasho lake, hiyo tu ni kazi. Siku ya tiba unalala juu ya meza ngumu, mikono umeinua juu ya kichwa kwenye vishikio, bega la upande uliofanyiwa upasuaji likilalamika. Wahudumu wanakusogeza kwa sentimita, wanasoma namba, wanazima taa ili waone mistari ya mwanga juu ya kifua chako. Kisha wanatoka wote, mlango mzito unafungwa, na unabaki na mashine. Inanguruma, inazunguka, inanguruma tena. Husikii chochote mwilini. Dakika chache baadaye wanarudi, unavaa, unaondoka. Muda mwingi umepotea katika kukulaza sawasawa, kwa sababu mionzi ikikosea njia inaweza kugusa pafu, na kwa titi la kushoto, moyo.

Sasa turudi kwenye hesabu. Grei 50 kwa mara 25 ni grei 2 kila kikao. Grei 40 kwa mara 15 ni karibu grei 2.7 kila kikao. Wifi hapewi dawa ileile kwa siku chache zaidi. Kila siku anapewa kipande kikubwa kuliko nilichopewa mimi. Na katika mionzi, ukubwa wa kipande hubadilisha hesabu yote.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba seli za saratani na seli nzima hazilingani katika jambo hili: kwamba vipande vidogo vidogo huzipa seli nzima nafasi ya kujitengeneza usiku, huku saratani ikizidi kuharibika. Kwa saratani nyingine, imani hiyo ina msingi. Kwa saratani ya titi, watafiti wa Uingereza, akiwemo Profesa John Yarnold, walishuku kwamba mambo ni tofauti, na tafiti zao zilizoitwa START zilithibitisha shaka yao. Seli za saratani ya titi hukaribia kufanana na seli nzima: nazo pia hutumia usiku kujitengeneza. Anayepalilia shamba kwa kukwaruza juu juu kila siku anajua habari hiyo. Majani hukatika, mizizi inapona, na jembe likishuka kidogo zaidi kila safari, safari huhitajika chache. Ndiyo sababu grei 40 za vipande vikubwa hufanya kazi ya grei 50 za vipande vidogo. Kuwapima wagonjwa wawili kwa jumla ya grei pekee, bila kuuliza ziligawanywa mara ngapi, ni kosa ambalo ningemkatia mwanafunzi maksi.

Lakini nadharia haimtoshi shemeji, na haikunitosha mimi. Niliuliza: wamejaribu kwa watu? Wamejaribu, tena kwa maelfu, na wakawafuatilia miaka kumi.

Kanada walichukua wanawake 1,234 waliobakiziwa titi, wakawagawa kwa kura: nusu vikao 25, nusu 16. Matokeo ya miaka kumi yalichapishwa mwaka 2010. Saratani ilirudi kwenye titi kwa wanawake 6.7 katika kila 100 waliopata vikao 25, na 6.2 katika kila 100 waliopata 16. Hiyo ni sare. Uingereza, katika utafiti wa START wenye wanawake 2,215, vikao 15 vya jumla ya grei 40 vililinganishwa na 25 vya grei 50. Baada ya miaka kumi, ugonjwa ulikuwa umerudi upande uleule kwa asilimia 4.3 ya waliopata vikao 15, dhidi ya 5.5 ya waliopata 25. Na ngozi na umbo la titi? Wenye vikao vichache hawakuumia zaidi. Kwa baadhi ya madhara waliumia pungufu kuliko wenzao. Uingereza ilifanya wiki tatu kuwa tiba ya kawaida tangu mwaka 2009. Nilipokuwa nikilala juu ya ile meza ya Nairobi mwaka 2013 nikihesabu wiki, mwanamke wa Birmingham mwenye ugonjwa kama wangu alikuwa anamaliza kwa wiki tatu na kurudi kazini. Simlaumu mtu. Ujuzi husafiri polepole kuliko mizigo.

Shemeji alisikiliza, kisha akatoa hoja ambayo sikuitarajia kwake. "Hao ni waliobakiziwa titi. Wifi yako amekatwa lote, na tezi za kwapani zilikuwa na ugonjwa."

Ni kweli, na hapo ndipo habari za Ulaya zinapokuwa haziwafai vizuri wanawake wa kwetu. Nchini Kenya saratani ya titi ndiyo inayoongoza kwa idadi ya wagonjwa wapya, zaidi ya 7,000 kwa mwaka kwa makadirio ya kimataifa ya 2022, na wengi hufika hospitalini ugonjwa umeshapanda. Wifi alifanyiwa upasuaji na kupewa kemo Kisumu, pale Hospitali ya Jaramogi tunapopaita Russia kwa sababu Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga. Uvimbe ulikuwa mkubwa, titi likaondoka lote. Wanawake kama yeye hupigwa mionzi kwenye ukuta wa kifua na kwenye tezi, na utafiti unaomhusu ulifanywa China.

Huko Beijing walichukua wanawake 820 waliokatwa titi na waliokuwa katika hatari kubwa ya ugonjwa kurudi. Nusu walipata grei 50 mara 25, nusu grei 43.5 mara 15. Matokeo yalitoka mwaka 2019: katika miaka mitano, ugonjwa ulirudi kifuani au kwenye tezi kwa asilimia 8.1 ya kundi la wiki tano na asilimia 8.3 ya kundi la wiki tatu. Kuhusu ngozi kubabuka vibaya, kundi la wiki tano liliumia zaidi: asilimia 8, dhidi ya 3. Nilimsomea shemeji namba hizo kutoka kwenye simu, akataka nirudie ile ya ngozi. Nilirudia. Akasema, "Basi wewe ndiye uliyeonewa." Watu wakacheka, na mchango ukaendelea.

Nimekaa sana kwenye namba kwa sababu ndizo zinazoondoa wasiwasi. Ila kwa wifi jambo lililoamua lilikuwa jingine, nalo lilikuwa biashara yake ya omena.

Uvuvi wa omena katika Ziwa Victoria upande wetu hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Agosti ukifunguliwa, ndipo fuo za Usenge, Uhanya na Wichlum zinapofurika, mitumbwi inaingia alfajiri, akina mama wananunua kwa karai, wanaanika kwenye nyavu, jioni wanakusanya. Mwanamke aliyepitisha miezi minne kwa mkopo wa chama hulipa deni lake kwa Agosti na Septemba. Mionzi ya wifi ilipangwa kuanza Agosti. Kutoka Usenge hadi Eldoret ni kupanda gari hadi Bondo, kisha Kisumu, kisha kupanda milima ya Nandi kupitia Kapsabet; hakuna anayekwenda na kurudi kila siku. Ni kupanga chumba huko. Wiki tano zingemlia sehemu kubwa ya msimu. Wiki tatu angeweza kumwachia biashara binti yake wa Fomu Tatu katika likizo ya Agosti. Daktari hawezi kuiandika hesabu hiyo kwenye faili, lakini ndiyo inayoamua kama mgonjwa atamaliza tiba au atatoroka katikati.

Na kutoroka katikati ni hatari kuliko tofauti yoyote ya 15 na 25. Mionzi ina mpangilio. Siku zikikatika katikati, seli zilizosalia hupata nafasi ya kuongezeka. Tena si mgonjwa pekee anayeweza kukatiza. Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Mulago, Kampala, iliyoletwa kutoka China mwaka 1995, iliharibika isitengenezeke, na Uganda nzima ikabaki zaidi ya mwaka bila mashine ya mionzi. Baadhi ya wagonjwa waliletwa Nairobi. Kila wiki unayoongeza kwenye ratiba ni wiki nyingine ya kuombea mashine isizime, stima isipotee, barabara isifungwe na maandamano. Anayejua Kisumu anajua kwa nini nimetaja hilo la mwisho.

Kuna pia wale walio nyuma yako kwenye foleni. Wanawake 100 wakipewa vikao 25 kila mmoja, mashine imefanya vikao 2,500. Wakipewa 15, ni 1,500. Vikao 1,000 vilivyobaki vinawatosha wanawake wengine 66. Siku hizi vituo vimeongezeka, kuna Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Eldoret, Nakuru, Mombasa, Garissa, lakini hakuna kituo cha umma kinacholalamika kwamba mashine imekosa wagonjwa.

Na pesa. NHIF, bima ya afya ya zamani, ilikuwa ikilipa shilingi 3,600 kwa kikao, na vikao visivyozidi 20. Mwenye vikao 25 alikuwa anajitafutia vitano, shilingi 18,000, wakati amechoka na mfuko umekauka. Mwenye 15 aliingia ndani ya kifurushi na nafasi ikabaki. SHA iliyochukua nafasi yake ilipoanza Oktoba 2024 ilitenga shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka kwa tiba ya saratani, na nyingine 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu zile zikiisha. Kifurushi hicho cha saratani hulipia kemo, dawa na mionzi pamoja, kwa hiyo kikao usichokihitaji kinakula pesa ya dawa unayoihitaji. Nitasema na hili, likinikosesha marafiki basi: hospitali inayolipwa kwa kila kikao haina sababu ya kifedha ya kufurahia vikao vichache. Sisemi kuna daktari anayerefusha tiba kwa ajili hiyo. Nasema mgonjwa ana haki ya kuuliza.

Mwisho wa kikao cha familia, kijana mmoja wa chuo kikuu hapa Bondo alituonyesha kwenye simu kwamba kuna tiba ya siku tano. Ipo, nayo si uzushi. Utafiti wa FAST-Forward wa Uingereza ulihusisha watu 4,096 na matokeo yake ya miaka mitano yalitoka Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa sababu ya korona na kila daktari anatafuta njia ya kupunguza safari za wagonjwa. Grei 26 mara tano, wiki moja, zilizuia ugonjwa sawa na grei 40 mara 15: ulirudi kwa asilimia 1.4 dhidi ya 2.1. Madhara ya wastani au makubwa kwenye titi au kifua, kwa macho ya madaktari, yalikuwa asilimia 11.9 dhidi ya 9.9. Grei moja tu zaidi, 27 badala ya 26, ilipandisha madhara hayo hadi 15.4. Hapo mnaona jinsi vipande vikubwa visivyosamehe makosa. Siku tano zinataka mashine nzuri, upangaji makini na mtaalamu wa fizikia anayelala usingizi wa kutosha. Kwa mwanamke anayehitaji kupigwa mionzi kwenye tezi kama wifi, madaktari wengi bado wanashikilia wiki tatu. Mimi pia ningeshikilia.

Kuna na wengine ambao jibu lao haliko wazi. Aliyewahi kupigwa mionzi mahali palepale, mwenye lupasi au ugonjwa wa ngozi kukakamaa, mwenye matiti makubwa sana ambamo dozi hukusanyika mahali pamoja, aliyejengewa titi jipya: hawa wazungumze na daktari wao kwa kina. Na wanawake wasiotimiza miaka 50 mara nyingi huongezewa vikao vichache pale uvimbe ulipokuwa, kwa hiyo ukiona 15 imekuwa 19 au 20, hujadanganywa.

Wifi alikwenda Eldoret kwa wiki zake tatu. Alichoka, hasa wiki ya mwisho, na ngozi ya kifua ikawa nyeusi kama sufuria, ikababuka kwapani siku chache baada ya kumaliza. Hilo la mwisho wengi hawaambiwi: ngozi huendelea kuwaka hata mashine ikiwa imeshaachwa, kisha hupona. Alivaa leso ya pamba iliyolegea badala ya sidiria, akapaka mafuta aliyopewa hospitalini na hakupaka mengine, akakataa dawa za mitishamba alizoletewa na jirani kwa nia njema. Sasa amerudi ufuoni. Mkono wa upande ule haubebi karai zito, kwa hiyo analipa kijana wa kubeba na kulalamikia bei yake.

Kwa hiyo ukiandikiwa vikao 25, muulize daktari wako kwa adabu: kwa nini si 15? Anaweza kuwa na sababu nzuri inayohusu mwili wako, naye akueleze. Ukiandikiwa 15 au 16, usihamishe faili kwenda kutafuta vingi zaidi, na usiwakubalie wanafamilia wanaosema umepewa nusu. Uliza kama tezi zitapigwa, uliza kama kuna nyongeza, uliza mashine ikiharibika watakupeleka wapi. Na ninyi mnaochanga, wekeni kando pesa ya chumba na nauli kabla ya kitu kingine, ili mgonjwa wenu akianza, amalize.